Flaitrapu yangu Mtwara inazidi kuwa nyeusi, inakufa au inataka kulala?

Mwana_Mikindani · 21 Mei

Wakuu habari za mda huu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na hii mimea inayokula wadudu maana huku nilipo sina wa kumuuliza. Nipo Mikindani, Mtwara. Mwaka juzi mwezi wa 12 kaka yangu alirudi likizo kutoka Uingereza akaniletea flaitrapu, ile ambayo kila mdomo una pande mbili na meno kama kope, nzi akitua anafumbiwa humo humo. Ilikuja ndogo sana, vijani vitano hivi vimelala chini kwenye udongo, nikajua imechoka na safari. Nikaiweka barazani upande unaopata jua la asubuhi, haikupita wiki tatu ikaanza kutoa majani kwa nguvu, kufika mwezi wa 3 mwaka jana ina midomo zaidi ya 20, watoto wa mtaani wanakuja jioni kuiangalia na kuigusa gusa ifumbe.

Sasa kuanzia mwezi wa 10 mwaka jana naona inarudi nyuma. Midomo inatoka midogo kama punje ya mchele, mingine ukiigusa haifungi kabisa, ya zamani inageuka nyeusi mmoja mmoja. Na haijawahi kupumzika, toka imefika kwangu ni kutoa majani tu bila kusimama, miezi 17 saivi. Maji naipa ya mvua niliyokinga kwenye pipa, hilo kaka alinisisitiza sana nisije nikatumia ya kisima.

Nimesoma kwamba huu mmea unatakiwa ulale miezi mitatu wakati wa baridi. Sasa baridi ya Mtwara iko wapi? Julai upepo wa kusi ukivuma usiku tunajifunika shuka mbili na tunasema kuna baridi, lakini kipimajoto changu hakijawahi kushuka chini ya 19. Swali langu ni kwamba huu weusi ni kulala au ni kufa? Na je ni joto ndio linaiambia ilale au ni urefu wa mchana? Maana kama ni mwanga mimi naweza kuifunika na ndoo kila siku saa 10 jioni. Mnaoishi pwani mnafanyaje? Naupenda huu mmea kweli, sitaki unifie mikononi.

Mkulima_Masasi · 21 Mei

Pole ndugu. Mimi naona hapo udongo umechoka. Miezi 17 kwenye kopo moja hata mchicha ungesinyaa. Weka samadi ya mbuzi iliyooza vizuri au NPK kijiko kimoja cha chai pembeni ya shina alafu mwagilia, wiki mbili utaniambia.

BintiLindi · 21 Mei

Mwana_Mikindani usiweke samadi wala NPK, nakuomba sana. Kaka wa Masasi nia yako ni njema na kwenye nyanya ungekuwa umemsaidia kabisa, ila huu mmea kwao unaota kwenye mchanga wenye majimaji, udongo mchachu usio na rutuba yoyote, ndio maana ukajifunza kutafuta chakula kwa midomo. Mizizi yake haijui chumvi. Mbolea inaiunguza, na hata maji ya kisima ya huku pwani yanaiua taratibu kwa hiyo hiyo sababu.

Mimi nipo Lindi mjini, nafuga hii mimea mwaka wa sita huu, na flaitrapu zangu mbili za kwanza zilikufa hivi hivi unavyoeleza, mwaka wa kwanza zinang'aa, mwaka wa pili zinapungua kama mtu anayeumwa asiyejijua, mwisho zinaoza. Iliniuma mno. Kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu, univumilie.

Kwanza weusi wako sio wa kulala. Inayolala utaona majani mapya yanatoka mafupi, yamejilaza chini kabisa, midomo ya zamani inakuwa nyeusi taratibu na ukuaji unasimama, alafu ukifukua chini unakuta kitunguu cheupe kigumu. Yako haijasimama, inaendelea kutoa majani madogo yasiyo na nguvu. Hiyo ni inayochoka. Ile siku imefika kwako na vijani vitano vimejilaza, haikuwa imechoka na safari, ilikuwa usingizini. Uingereza ilikuwa baridi. Ilitolewa kitandani katikati ya usiku ikaja kuwekwa kwenye nyuzi 31 za Desemba yetu, ikadhani kumekucha. Toka siku hiyo haijapata usiku mwingine.

Wewe ni mtu wa kusini, ming'oko unaijua, vile viazi vya porini. Mvua zikikata jani linakauka lote, mtu mgeni akipita anasema hapa hakuna kitu, kumbe chakula chote kimeshuka chini, na ndio maana watu wanaingia porini na jembe kiangazi na sio masika. Flaitrapu inafanya jambo lile lile, tofauti ni kwamba mng'oko unakimbia ukame na flaitrapu inakimbia baridi.

Sasa joto au mchana. Vyote viwili, ila havina uzito sawa. Kwao ni kipande kidogo cha Carolina Kaskazini na Carolina Kusini kule Marekani, kuzunguka mji wa Wilmington, karibu nyuzi 34 kaskazini ya ikweta. Mwezi wa 6 mchana wao unafika masaa 14 na kitu, mwezi wa 12 unashuka mpaka karibu masaa 10, na kuna usiku maji yanaganda kabisa. Sisi tupo nyuzi 10 kusini. Mchana wetu mrefu kuliko yote, Desemba, ni kama masaa 12 na dakika 40, na mfupi kuliko yote, Juni, ni masaa 11 na nusu hivi. Tofauti ni saa moja na dakika kidogo tu mwaka mzima. Mmea una kitu ndani ya majani kinaitwa fitokromu ambacho kinapima urefu wa usiku, na kwa hapa kwetu kinapima weee hakioni mabadiliko ya maana.

Mimi huwa nawaeleza watu hivi, mchana kufupika ni kama adhana, mmea unasikia unaanza kujiandaa, unapunguza majani, unashusha sukari chini. Baridi ikija ndio kukimiwa kwa swala, hapo sasa unasimama kweli. Mtwara hakuna adhana na hakukimiwi.

Na hiyo ndoo usifunike. Mmea unatengeneza sukari mchana na kuitumia usiku na mchana kwa kupumua, na kupumua kunaongezeka kadri joto linavyopanda, kwa makadirio kila nyuzi 10 zikiongezeka matumizi yanakuwa karibu mara mbili. Usiku wa nyuzi 25 mmea unakula akiba usiku kucha. Ukiufunika saa 10 jioni umekata mapato na matumizi yako palepale. Mwanga mfupi bila baridi ni njaa.

Kitu kingine, hao watoto waombe wasiichokoze. Mdomo unafumba vinyweleo vya ndani vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, na kila ukifumba bila kupata kitu umetumia nguvu bure, na mdomo mmoja hauna uwezo wa kufumba na kufumbua mara nyingi kabla haujafa.

Mwl_Makete · 22 Mei

Nimefurahi kukuta watu wa nyumbani wanaongelea haya. Mimi mzaliwa wa Newala ila nafundisha Makete mwaka wa nne, na hapa dirishani kwangu nje nina flaitrapu moja na sarasenia mbili, zile zenye majani kama tarumbeta. Nataka niongezee jambo kwenye maelezo ya dada maana nimeliona kwa macho yangu.

Mchana wa Makete na wa Mtwara ni ule ule, tunatofautiana dakika tu. Lakini huku mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani, bondeni kote kweupe. Na mimea yangu inalala. Mwishoni mwa Mei majani mapya yanaanza kutoka mafupi, Juni inasimama, sarasenia zinakauka kuanzia juu kwenye mdomo kushuka chini, mwezi wa 9 zinaamka zenyewe. Kwa hiyo kwa niliyoyaona mimi baridi peke yake inatosha kuilaza hata kama mchana haujafupika sana, ila mwanga peke yake bila baridi sijawahi kuona ukifanya kazi.

Alafu msidanganyike na Newala. Nimekulia pale, uwanda wa Makonde una upepo na mtu wa Mtwara mjini akipanda anavaa sweta, lakini kwa mmea huu bado ni joto, unataka usiku wa chini ya nyuzi 10 kwa wiki nyingi mfululizo na Newala haina huo usiku. Shangazi yangu nilimpa mche mmoja ukaenda ukifa vile vile polepole.

Mwana_Mikindani · 22 Mei

Dada Binti na mwalimu nashukuru sana, nimesoma mara tatu. Kumbe siku ile nilivyokuwa nafurahi inachipua ndio nilikuwa naikatisha usingizi. Basi naomba mnieleze nifanyeje, kuhamia Makete siwezi, nina familia na kazi hapa. Nimeona mtu mmoja anataja friji, ni kweli? Maana mke wangu nikimwambia nataka kuweka mmea kwenye friji lenye samaki sijui kama tutaelewana. Na umeme huku unakatika, wiki iliyopita tulikaa masaa tisa.

BintiLindi · 23 Mei

Friji ni kweli, na kwa sisi wa pwani ndio njia pekee iliyonifanyia kazi. Shemeji mwambie hauchafui kitu, unakaa ndani ya kopo lenye mfuniko, ukubwa wa kopo la siagi tu.

Anza sasa hivi, Mei ni mwezi mzuri maana kusi imeshaanza na usiku umepoa kidogo. Wiki mbili tatu usiilishe mdudu yeyote, ikitoa shina la ua likate likiwa fupi, ua linanyonya akiba nyingi mno. Iweke sehemu yenye mwanga ila yenye ubaridi, mimi naweka dirisha la upande wa kusini ambapo upepo unapita, na maji ya kwenye sahani napunguza mpaka udongo unabaki na unyevu tu.

Alafu fukua. Hapa wengi wanaogopa ila usiogope, osha mizizi kwa maji ya mvua mpaka udongo wote utoke, utaona kitunguu chenyewe. Kikiwa cheupe kigumu ukikiminya, mmea una uhai. Kikiwa cha kahawia na laini kinaingia kidole, sehemu hiyo kata mpaka ufike kwenye weupe. Ondoa kila jani jeusi maana ukungu unaanzia hapo. Kwa ukungu mimi natumia salfa ya unga, ile ile watu wanayopulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga, nachukua kidogo kwa ncha ya kidole napaka kwenye vidonda. Dawa za ukungu zenye shaba usitumie, hii mimea haizipendi hata kidogo.

Kinachofuata ndio watu wanakosea. Unakifunga kitunguu na sfagna, kile kimmea laini cha majimaji kinachoshika maji kama sponji, iliyolowa alafu ikaminywa mpaka tone la mwisho. Ukiacha maji kinaoza, ukiweka kavu kinasinyaa. Mimi mwaka wa kwanza niliacha maji, mwezi mmoja nikafungua nikakuta uji. Weka kwenye kopo, funga, sehemu ya chini ya friji kwenye droo ya mboga, SIO friza. Weka kipimajoto humo humo, kisome kati ya 3 na 7. Kila baada ya wiki mbili fungua uangalie na upitishe hewa, ukiona ukungu mweupe futa, badilisha sfagna, rudisha.

Giza la ndani ya friji lisikutishe. Kwenye nyuzi 4 mmea karibu haupumui, akiba ya kitunguu inatosha miezi mitatu bila mwanga wowote. Lile giza la ndoo lililokuwa njaa kwenye nyuzi 28, hapa ndio pumziko lenyewe.

Umeme, jaza chupa za maji panga ndani ya friji kila penye nafasi. Likikatika masaa tisa na hulifungui, chini huku joto linapanda polepole sana, kitunguu hakitajua. Kinachoharibu ni siku mbili tatu mfululizo, ikitokea hivyo kalihifadhi kopo kwa jirani mwenye jenereta au kwenye kasha la barafu la wavuvi, ila lisigusane na barafu.

Wiki 10 mpaka 12 zinatosha. Ukiingiza katikati ya Juni unatoa mwanzoni mwa Septemba. Ikitoka usiipeleke juani siku hiyo hiyo, wiki ya kwanza kivulini, ya pili jua la asubuhi, kuanzia ya tatu barazani kama zamani.

Chipukizi_Nachingwea · 24 Mei

Samahani nachomeka swali. Mimi nikiwa mdogo tulikuwa tunaona kwenye mchanga wenye maji maji, kando ya bonde la mpunga, kimmea chembamba kina nywele nyekundu zinang'aa kama umande, visisimizi vimenasa. Mvua zikiisha hakuna hata kimoja, mwaka unaofuata vinarudi. Hivyo navyo vinalala? Na kama vipo vya kwetu kwa nini tuhangaike na vya Carolina?

BintiLindi · 24 Mei

Umeniuliza kitu ninachokipenda kuliko vyote! Hiyo ni drosera, na kwa ulivyoeleza inafanana na ile inayoitwa Drosera indica ambayo ni ya Afrika ya joto, Tanzania ikiwemo. Hiyo hailali, inakufa kabisa. Ni ya msimu mmoja, inaota mvua zikianza, inatoa maua haraka haraka, mbegu zinadondoka mchangani na ndizo zinazovuka kiangazi. Na kwenye mashamba ya mpunga hapo hapo ukichukua maji na kopo jeupe unaweza kukuta majani kama nywele za kijani yana vifuko vidogo kama mbegu ya ufuta, hiyo ni utrikularia, kile kifuko kinafyonza viluwiluwi vya mbu wachanga kwa kasi ambayo jicho halioni, chini ya sekunde moja ukiigawa mara mia. Za nchi za baridi zinatengeneza tumba gumu linazama chini ya maji mchana ukifupika na baridi ikija. Za kwetu zinangojea kwenye mbegu, bwawa likikauka.

Yaani kila mmea unalala kwa kile kinachoutesha kwao. Kuna drosera za kusini magharibi ya Australia zina viazi chini, hizo zinakua wakati wa baridi na mvua na zinalala KIANGAZI, ukiziweka kwenye friji unaziua. Na kuna za kaskazini ya Australia, maeneo ya Darwin, hebu angalieni ramani, Darwin ipo nyuzi 12 kusini, karibu mstari mmoja na sisi, mvua zao zinaanzia mwishoni mwa mwaka kama zetu. Hizo zinataka nyuzi 30, masika zinatanuka, kiangazi zinajikunja na kuvaa manyoya meupe. Ninazo tatu Lindi hapa na hazijawahi kunisumbua, saa yao na saa yetu ni moja.

Na Mwana_Mikindani kama unataka usiohitaji kulala kabisa tafuta nepenthesi ya mabondeni, zile zinazoning'iniza vikombe vyenye maji. Asili yao kubwa ni Borneo, Sumatra na huko, ila ndugu zao wapo Madagaska na Shelisheli, bahari hii hii yetu. Mchana 30, usiku 22, unyevu wa hewa wa pwani, zinakua mwaka mzima. Uliza tu kabla ya kununua kama ni ya mabondeni au ya milimani. Ya milimani, kama ile kubwa ya mlima Kinabalu, haihitaji kulala lakini inataka kila usiku upoe kufika 15 au chini, na mimi nilinunua moja ya milimani bila kujua, ilikaa mwaka mzima inatoa majani haitoi kikombe hata kimoja, mwisho ikanyauka.

Bwana_Shamba_Mstaafu · 25 Mei

Mwanangu BintiLindi umeeleza vizuri. Niongeze moja tu kwa vijana, mmea hai ukitoka nje ya nchi unahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mmea kutoka ulikotoka, na flaitrapu na nepenthesi zipo pia kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Fuateni utaratibu. Nimeona mikorosho ikiteketea kwa magonjwa, sitamani kuona ugonjwa mwingine umeingia kwenye udongo wa kopo.

Mkulima_Masasi · 25 Mei

Nimejifunza, shukrani dada na mzee wangu. Ushauri wa samadi naufuta, Mwana_Mikindani usije ukaufuata.

Mwana_Mikindani · 19 Septemba

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi moyoni. Nilifukua tarehe 14 Juni, nikakuta kitunguu kikubwa kimegawanyika vitatu, kimoja kilikuwa cha kahawia nusu nzima, nikakata. Salfa nilipata kwa jirani, ndio walikuwa wanajiandaa kupulizia. Mke wangu aliweka sharti kopo likae droo yake ya mwisho kulia, na nikiri kwamba baadae yeye ndio alikuwa ananikumbusha kufungua. Umeme ulikatika mara kadhaa, usiku mmoja kipimajoto kikasoma 12 asubuhi, kikarudi chini mchana.

Kile nilichokikata kilioza wiki ya tano, nikakitoa mapema visiambukizane. Viwili nimevitoa tarehe 4 mwezi huu, vilikuwa vimebaki kama kitunguu swaumu kimemenywa, hakuna jani hata moja la maana, nikasema hapa nimeua. Nikavipanda kwenye piti, ule udongo wa mimea iliyooza majimajini, na mchanga wa mto nilioosha maji saba, kivulini. Juzi kimoja kimetoa jani limejikunja kama ngumi ya mtoto, leo asubuhi limefunguka, lina mdomo mwekundu ndani, haujawahi kuwa mwekundu vile hata mwaka wa kwanza. Cha pili kinaonyesha ncha ya kijani tu.

Dada Binti naomba kuuliza, jua la asubuhi nianze kukipa hicho chenye jani au nisubiri na mwenzake?

BintiLindi · 19 Septemba

Alhamdulillahi! Nimesoma kwa sauti hapa nyumbani. Usisubiri, watenganishe, chenye jani kipe jua la asubuhi saa moja mpaka saa tatu kuanzia kesho, mwenzake abaki kivulini mpaka jani la kwanza lifunguke. Na mwaka huu usiulishe mpaka uwe na midomo minne inayofunga vizuri. Watoto waje waangalie tu.